Vidudu vinavyojikunja chini ya vyungu vya maua: ni ukoo gani hasa?

mama_mchicha (Fuoni)
Assalaam alaykum wanajukwaa. Nna ugomvi nyumbani nataka mnimalizie. Mwanangu yupo darasa la sita, kapewa kazi ya kupanga wanyama kwa makundi: mende, buibui, jongoo, kaa, chura, na mwisho kila mtoto aongeze mnyama mmoja aliyemkuta uani kwao. Wangu kainua chungu cha mrehani, kakuta vile vidudu vya kijivu ambavyo ukivigusa tu vinakuwa gololi. Kaviandika safu ya wadudu. Ami yake akamwambia futa, hao watoto wa jongoo. Baba yake kasema weka popote, mwalimu hatojua. Mie sikuridhika na jibu hata moja. La pili, kwa kuwa tuta langu la mchicha liko hapohapo: vinakula mchicha au havili?

pweza_mkavu
Waalaykum salaam. Ami yuko sawa. Pingili anazo, miguu mingi anayo, kujikunja anajikunja. Jongoo mchanga huyo. Uzi ufungwe.

KarafuuMbichi (Konde, Pemba)
Hapana yakhe, usifunge. Huku chini ya mikarafuu ukifukua majani yaliyooza unavikuta tele, na jongoo tele, vyote mahali pamoja, kwa hivyo tofauti tunaiona kila siku. Jongoo mchanga ni mwembamba, akiguswa anajipinda duara bapa na miguu yake unaiona ubavuni. Hiki chengine ni kifupi, kipana, kinajifunga mpaka huoni mguu wala kichwa. Halafu kingoje kifunguke uone mbio zake. Jongoo gani anakimbia vile?

Maalim_Mstaafu
Dada Mchicha, kabla watu hawajafunga uzi, mwambie kijana akitie kimoja ndani ya gilasi ya kioo, akiinue juu ya kichwa chake, akitizame kwa chini na ahesabu miguu. Kazi yote ya kupanga makundi inaanzia hapo, si kwenye kujikunja.

Kwa kidudu kilichokua atapata miguu 14. Mende ana 6, na kila mdudu wa vitabuni ana 6. Buibui ana 8. Jongoo ana jozi mbili katika karibu kila pingili, ndiyo maana ukihesabu unachoka. Huyu ana pingili 7 za kifua, kila moja na jozi yake moja, na miguu yote inakaribia kulingana, hakuna koleo wala mguu wa kurukia. Kisha amtizame usoni. Vipapasio viwili virefu ataviona mara moja, lakini pembeni yake vipo vyengine viwili vidogo sana, vinahitaji kioo cha kukuzia. Wadudu wana jozi moja ya vipapasio, jongoo jozi moja, buibui hana kabisa. Jozi mbili wanazo krasteshia.

Kwa hivyo safu yake ni ile aliyomo kaa. Na si kwa mbali: ndani ya krasteshia yupo kwenye tabaka la Malakostraka, pamoja na kaa, kamba na kamba mti. Oda yake, yaani kundi lake ndani ya tabaka hilo, inaitwa Isopoda, ina spishi zaidi ya 10,000, nyingi za majini. Waliohamia nchi kavu wanaitwa Oniscidea, na peke yao ni zaidi ya spishi 3,500. Yule anayepigwa picha katika vitabu vya Ulaya ni Armadillidium vulgare, asili yake pande za Mediterania, akasambazwa duniani na watu pamoja na udongo na mimea yao. Nchi za joto zina wajikunjaji wa familia nyengine, Armadillidae. Kuwatenganisha spishi kwa spishi ni kazi ya darubini, mara nyingi kwa kutizama viungo vya chini ya mkia wa dume, kwa hivyo kijana asihangaike na hilo. Krasteshia inatosha.

Na asione haya kwa kuandika mdudu. Carl Linnaeus mwenyewe, yule Mswidi aliyeweka utaratibu wa kupanga viumbe kwa makundi, mwaka 1758, aliwatia vidudu hivi katika kundi la wadudu wasio na mbawa, na humohumo akamtia kaa, buibui, nge na jongoo. Aliyewafungulia oda yao ya Isopoda ni Mfaransa Pierre André Latreille, mwaka 1817. Huyo naye ana kisa. Alikuwa padri, wakati wa mapinduzi ya Ufaransa akatiwa gerezani Bordeaux, na humo ndani akamwona mdudu mdogo wa jamii ya mbawakawa, wale wenye mbawa za gamba, tena adimu. Daktari wa gereza akampeleka yule mdudu kwa mtu mwenye elimu hiyo, ndipo wakubwa wakajua nani wamemfunga, akatolewa. Wenzake wengi aliofungwa nao hawakusalimika.

pweza_mkavu
Maalim, nakuheshimu, lakini unataka kuniambia kuna kamba anaishi Fuoni chini ya chungu cha mrehani? Na kujikunja je? Kuna kamba anayejikunja gololi?

Maalim_Mstaafu
Kujikunja hakuthibitishi udugu. Wapo jongoo wa Ulaya na wa Madagaska wafupi, wapana, wanaojifunga gololi sawasawa na hiki. Wale wa Madagaska wakijifunga wengine wanajaza kiganja. Ukiwaweka pamoja utaapa ni ndugu. Wageuze uhesabu miguu, kila mmoja anarudi kwao. Viumbe viwili vyenye adui mmoja na shida moja ya kukauka vimepata dawa moja, kila kimoja kivyake.

nahodha_wa_kaskazini
Nilikuwa nasoma tu kimya, lakini hapa pana kitu. Sisi tunaovua, mara nyengine unafungua mdomo wa samaki unakuta dude jeupe limekaa pale penye ulimi, lina pingili na macho meusi mawili, limeng'ang'ania kwa kucha. Tunaling'oa tunalitupa. Ukiligeuza lina safu ya miguu mifupi huku na huku. Sura yake ndiyo hii hii ya kidudu cha uani, ila limenona. Na wale wanaokimbia juu ya mawe na kuta za gati maji yakitoka, kijivu, miguu mingi, ukisogea wote wanaingia kwenye nyufa. Hao nao vipi?

Maalim_Mstaafu
Nahodha, umemaliza kazi yangu. Wote hao ni Isopoda.

Wa kwenye mdomo wa samaki ni familia ya Cymothoidae. Aliyepata umaarufu ni Cymothoa exigua, wa Pasifiki kuanzia Ghuba ya California kushuka mpaka Ecuador, lakini Bahari ya Hindi ina jamaa zake wa kutosha. Akiwa mdogo anaogelea, anaingia kwa samaki kupitia matamvua. Akifika mdomoni anashika ulimi na kufyonza damu mpaka ulimi unasinyaa, kisha anakaa yeye mahali pake na samaki anaendelea kula kwa kumtumia yeye. Na wote huanza maisha wakiwa madume, anayekua na kukaa pazuri anageuka jike. Mtu akila samaki huyo hapati madhara, basi tu roho haitaki.

Wale wa kwenye kuta za gati ni Ligia. Hao ndio napenda kuwaonesha watu, maana wako njiani. Wanaishi pale pale maji yanaporuka: majini hawakai, wakikaa juani wanakauka, kwa hivyo maisha yao yote ni kukimbia kufuata unyevu. Ukitaka kujua namna ukoo huu ulivyotoka baharini ukafika kwenye chungu cha mrehani, katizame ukuta wa bandari maji yakitoka.

Na yupo wa tatu, tena huyu anajikunja, pweza_mkavu sikiliza. Ukienda kwenye mikoko ukaona mizizi ya mkoko inayoning'inia majini imetobolewa vitundu vya duara vilivyopangana, mara nyingi mtobozi ni Sphaeroma terebrans. Kenya wamemchunguza sana katika Ghuba ya Gazi. Haili ile mbao. Anachimba chumba cha kukaa na kulelea wanawe, chakula anachuja kwenye maji. Mzizi ukitobolewa sana unakatika. Mtoe kwenye tundu lake uone: anajifunga gololi.

nahodha_wa_kaskazini
Mitobozi ya mbao tunaijua vizuri, ndiyo maana vyombo vinapandishwa pwani vikapakwa shahamu na chokaa. Sikujua kama mmoja wao ana jamaa yake Fuoni.

Maalim_Mstaafu
Wanaoharibu vyombo zaidi ni wale kama minyoo mirefu, na wao ni ukoo wa chaza. Lakini isopoda wamo, hasa Limnoria, na yeye mbao anaila kweli.

bi_hamamni
Mie naishi Mji Mkongwe, nyumba ya zamani, ukuta wa chini unavuja unyevu na hivi vidudu haviishi. Swali: kama ni mtu wa bahari, anapumua vipi? Nilivimwagia maji ya ndoo vikafa vyengine. Kamba hafi kwa maji.

Maalim_Mstaafu
Swali zuri, bi. Anapumua kwa matamvua, mpaka leo. Nyuma ya ile miguu 14, chini ya tumbo, ana jozi tano za vibamba vyembamba vilivyolaliana. Humo ndimo hewa inamopita kuingia kwenye damu, na haipiti kama vibamba havina unyevu. Wengi wa wajikunjaji wana na vyumba vidogo vya hewa ndani ya vile vibamba, ukimgeuza utaviona ni madoa meupe mawili kila upande. Ni mapafu ya kuanzia, tuseme hivyo. Yamemtosha kumtoa majini, hayakumtosha kumweka juani. Akifunikwa na maji mengi kwa muda, matamvua hayo hayakidhi, anakufa.

Mende ana ngozi yenye nta, maji hayatoki ovyo. Huyu nta hiyo hana ya maana. Kwa hivyo usiku anatoka, mchana anajibana chini ya kitu, na akibanwa na ukavu anajifunga ili sehemu laini za chini zisipigwe na hewa. Watu hudhani anajifunga kwa kuogopa sisimizi na buibui tu. Anaogopa na upepo. Maji anakunywa kwa mdomo, na pia anayavuta kwa vijimkia vya nyuma. Mkojo hana: taka ile anaitoa ikiwa mvuke wa amonia, kupitia gamba, jambo ambalo wanyama wachache wa nchi kavu wanaliweza.

Na kwa nini wanapenda ukuta wako? Unyevu, na chokaa. Gamba lake limejengwa kwa kalisi, na nyumba za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa. Anapojivua gamba havui lote pamoja. Anavua nusu ya nyuma kwanza, anasubiri siku kadhaa, ndipo avue ya mbele, ili asiwe laini mwili mzima kwa wakati mmoja. Kabla ya hapo kalisi ya gamba la zamani anaivuta na kuiweka akiba, na gamba lililovuliwa mara nyingi analila. Ukimwona mmoja nusu mweupe nusu kijivu, usidhani anaumwa, kakutwa katikati ya kazi.

Sasa uzazi, na hapa ndipo namvulia kofia. Kule Chumbe, kisiwa kilichohifadhiwa tangu 1994, yupo kaa mkubwa anayepanda miti, Birgus latro, anayeweza kufika kilo 4. Huyu ni wa nchi kavu kiasi kwamba mkubwa wake ukimtupa baharini anazama na kufa. Lakini jike akitaka kuzaa lazima ateremke pwani aachie mayai yake kwenye maji, na watoto wanaelea baharini wiki kadhaa kabla ya kupanda juu. Pamoja na ukubwa wake wote, kamba ya bahari bado iko shingoni. Kidudu cha mrehani kaikata. Jike ana mfuko chini ya kifua, umetengenezwa kwa vibamba vinavyotoka kwenye mashina ya miguu, umejaa majimaji. Mayai yanakaa humo, yanaanguliwa humo, watoto wanatoka wakiwa na sura ya mama yao. Bahari anatembea nayo. Ndiyo maana utamkuta Fuoni, utamkuta Konde, na jamaa zake utawakuta mpaka majangwani, mahali ambapo kaa huyo hathubutu.

mchuzi_wa_papa
Sasa samahanini. Kama ni ukoo wa kamba, nna nazi na ndimu hapa. Vinakaangwa au vinachemshwa kwanza?

mama_mchicha
Astaghafirullah! Nimekuja na swali la mtoto wa skuli jamani.

Maalim_Mstaafu
Hukumu ya kula haifuati orodha ya Latreille, waulize masheikh, na uwe tayari kutizamwa. Mie nakwambia moja tu: kidudu hiki hula kinyesi chake mwenyewe ili asipoteze madini, hasa shaba, kwa sababu damu yake inabeba hewa kwa shaba badala ya chuma. Penye udongo wenye risasi, zinki au kadimiamu, anavilimbikiza mwilini mpaka wanasayansi wanamtumia kupima uchafuzi. Sasa kaanga. Zamani waganga wa Ulaya waliwapa wagonjwa wa tumbo wavimeze vizima vikiwa vimejikunja. Labda ile chokaa ilituliza kiungulia, sijui mgonjwa alisema nini.

mwanafunzi_tunguu
Maalim shikamoo. Naomba kuongeza, kwa adabu. Uchunguzi wa vinasaba wa miongo hii ya karibuni umeonesha kwamba wadudu wenyewe wametoka ndani ya krasteshia. Yaani mende, nzi na kipepeo ni tawi la mti uleule. Ndugu wa karibu wa wadudu wanaotajwa sana ni Remipedia, krasteshia vipofu wa kwenye mapango yenye maji ya chumvi, na spishi ya kwanza hai ya kundi hilo imeelezwa kisayansi 1981 tu, kutoka Bahamas. Kwa hivyo ukisema "si mdudu, ni krasteshia", mtu anaweza kukujibu kwamba na mdudu ni krasteshia.

pweza_mkavu
Haya! Sasa mtoto kapata, ami kakosa, Maalim katikati. Nilisema uzi ufungwe mapema.

Maalim_Mstaafu
Marahaba mwanangu, na umesema kweli. Lakini usimpe pweza_mkavu sherehe ya bure. Kuwa mti mmoja si kuwa tawi moja. Ukifuata mti huo huo wa vinasaba, kidudu cha mrehani yuko tawi la kaa na kamba, na mende yuko tawi jengine pamoja na hao vipofu wa mapangoni. Kwa hiyo kidudu hiki ni jirani wa kamba kuliko alivyo jirani wa mende, na hilo halijabadilika. Wote wawili wamepanda nchi kavu, kila mmoja kwa njia yake na kwa wakati wake. Na jongoo, ambaye ami alimtaja, yuko nje ya mti huo kabisa, yeye alipanda kwa njia ya tatu. Wa mbali zaidi katika hao watatu ndiye aliyedhaniwa baba.

KarafuuMbichi (Konde, Pemba)
Swali la mchicha hakuna aliyelijibu, mnakula sayansi tu. Dada, chakula chao ni majani makavu, mbao iliyooza, maganda. Huku ndio wanaotusaidia kusaga majani ya mkarafuu yakawa udongo. Jani bichi lililokomaa hawalitaki. Ila mche ambao ndio kwanza umechomoza, au tunda lililolala kwenye udongo wenye maji, hapo watang'ata. Usirundike majani ya kufunikia mpaka kwenye shina la mche, acha nafasi. Mwagilia asubuhi, si jioni, ili usiku juu ya udongo pawe pamekauka. Wakizidi, lalisha ganda la tikiti kifudifudi usiku, asubuhi liinue uwakute wote chini yake, kawatupe kwenye shimo la mbolea. Dawa usipige. Na kama mchicha wako una matundu makubwa, toka na tochi saa tatu usiku. Mara nyingi utamkuta konokono.

mwanafunzi_tunguu
Ni kweli kabisa. Argentina wamekuwa wasumbufu mashambani mwa soya, lakini ni pale wanapolima bila kutifua ardhi na mabaki ya mazao yanaachwa juu mengi. Miche michanga ndiyo inayoliwa.

bi_hamamni
Nimeona mtandaoni vya rangi ya buluu, vizuri kweli. Watu wanafuga na kuuziana kwa pesa nyingi.

Maalim_Mstaafu
Wapo wanaozalishwa kwa rangi, na baadhi ya wale wa Thailand bei yao inatisha. Lakini ukimkuta wa porini kawa buluu au zambarau inayong'aa, huyo kashikwa na kirusi kinachojipanga mwilini mpaka mwanga unarudi kwa rangi hiyo. Hadumu.

mama_mchicha (Fuoni)
Ahsanteni sana. Konokono nimemkuta, Karafuu, Mungu akuzidishie. Lakini Maalim, umeniletea ugomvi mpya. Mtoto kahesabu kama ulivyosema. Mkubwa miguu 14, sawa. Kisha kapata wadogo weupe, wa juzi, kama chembe za chicha, kahesabu kwa kioo cha kukuzia cha babu yake: 12. Kahesabu tena, 12. Ami sasa anacheka peke yake barazani.

Maalim_Mstaafu
Mpe mtoto huyo zawadi. Kahesabu sawa. Wanatoka kwenye mfuko wa mama na jozi 6, ya saba inaota baadaye, wakishajivua gamba. Isopoda karibu wote wako hivyo, hata yule mkubwa wa vilindini, Bathynomus giganteus, anayepita sentimita 30.

pweza_mkavu
Ngoja kwanza. Na jongoo, anapoanguliwa ana mia zake zote?

Maalim_Mstaafu
Hapana. Jongoo wengi wanatoka kwenye yai na jozi tatu tu, nyengine zinaongezeka kila wakijivua.

pweza_mkavu
Jozi tatu ni miguu sita.

Maalim_Mstaafu
Ndiyo.

pweza_mkavu
Basi mwambieni ami, jongoo ni mdudu.